Mchezo wa Vita na Mawe ya Kwetu



Juma lililopita nilitumwa kutafuta watoto wanne walioruka saa ya hesabu. Niliwakuta katika nyumba moja karibu na soko, wanacheza mchezo wa video wa kupigana na bunduki. Mara moja, franga 500. Kazi ya kapita ni kuandika majina, na mimi niliandika. Lakini njiani mmoja wao, aliyefika hapa na jamaa yake kwa ajili ya vita, aliniambia: « Mukubwa, kule ndani mimi njo nashinda. Kwetu tulikimbia tu. » Neno lile halijanitoka moyoni mpaka leo.

Wengine watasema michezo ile inafundisha watoto kuua, heri ifungwe. Mimi siamini hivyo. Mwisho wa Juni 2024, vita ilipopita Kanyabayonga na kufika hapa Kayna na Kirumba, si televisheni iliyoleta bunduki. Na sisi tuliobeba magodoro kichwani kuelekea Lubero na Butembo tunajua vizuri kwamba mlio wa mchezo si mlio wa kweli. Ubaya wa mchezo mimi nauona pahali pengine: unatuonyesha mtu mwenye bunduki na adui wake, basi. Anayenunua, anayeuza, anayetunga sheria, hao hawaonekani.

Tuangalie mfano. Tarehe 4 Julai 2002 jeshi la Marekani lilitoa mchezo wake lenyewe, jina lake America's Army. Ulichezwa bure, kusudi vijana wavutwe kuingia jeshini, na ulifungwa mwaka 2022. Ndani yake vikundi viwili vilipigana, lakini kila mchezaji alijiona yeye ni askari wa Marekani, na wale wa ngambo alionyeshwa kama adui. Kumbe wale nao walijiona vile vile! Je, si ndivyo wakubwa wa mataifa wanavyosema? Kila mmoja anajilinda, mwenye kosa ni yule mwingine.

Sasa tuiangalie mashine yenyewe. Ndani ya mashine za michezo, kama ndani ya simu, kuna vipande vidogo vya kutunza umeme, na vingine vimetengenezwa kwa tantali, inayotoka katika koltani. Mwaka 2000, PlayStation 2 ilipotoka na simu zilipoongezeka, viwanda viligombania tantali, na bei ikapanda mara nyingi. Wakati ule Kivu ilikuwa mikononi mwa waasi na majeshi ya kigeni. Watu waliacha mashamba wakaenda kuchimba. Mwezi wa Aprili 2001 wataalamu wa ONU walitoa ripoti juu ya mali ya Kongo iliyokuwa inatolewa vitani. Mwaka ule ule bei ikaanguka. Tusiseme uongo: vita ilianza mwaka 1998, mchezo haukuianzisha. Lakini pesa za koltani ziliipa vita chakula.

Baadaye wakubwa walitaka kutengeneza. Julai 2010 Marekani ilitunga sheria iliyodai makampuni yaeleze kama tantali, bati, tungsteni na dhahabu yao inatoka Kongo au nchi jirani. Septemba ule ule Kinshasa ilifunga uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema, mpaka Machi 2011. Nia ilikuwa njema. Lakini mchimbaji mwenye kutegemea nyundo yake, asiye na bunduki, naye alikosa pesa ya masomo ya watoto. Hakuna aliyemwuliza kwanza.

Tena haikuishia hapo. Aprili 2024 M23 ilishika Rubaya, kule Masisi, penye koltani nyingi. Wataalamu wa ONU waliandika kwamba kodi ya koltani ile iliwaingizia karibu dola 800,000 kwa mwezi. Na tarehe 27 Juni 2025, Kongo na Rwanda walipotia sahihi mapatano ya amani kule Washington, habari ya madini nayo iliandikwa ndani. Kumbe mawe yetu yanaketi mezani pa wakubwa, na sisi wenyewe hatuko pale.

Ndiyo sababu nasema: adhabu peke yake haitoshi. Aliyeruka masomo aadhibiwe, sikatai. Lakini tukimwadhibu bila kumfundisha, atarudi tu kule sokoni, kwa sababu kule anashinda. Mtu asiyejua nani ananunua na nani anatunga sheria, yeye ni kama zile sanamu ndogo za ndani ya mchezo: zinakimbia, zinaanguka, na mkono unaozisukuma haziuoni.

Basi naomba waalimu wa jiografia na wa uraia watupe Jumamosi moja, saa mbili tu, kwa majadiliano ya wote. Ulizo liwe hili: Nani anashinda katika vita ya kwetu? Wakubali au wakatae, nitaleta ramani.

Yule mtoto nimemwomba aketi mbele. Kazi yake ya kufyeka majani itakuwa imekwisha.

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa mwisho