Zimamoto wa Kwanza ni Sisi Wenyewe



Sifa zote njema zinamstahikia Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, masahaba zake na wote wenye kuifuata njia yake hadi siku ya malipo. Ama baada ya hayo, ndugu wazazi na wanafunzi wetu wapenzi, mwaka huu tumeona tuzungumzie jambo ambalo halimo katika mtihani wala katika ratiba ya maulidi, lakini linagusa uhai wa watoto tunaowalaza chini ya paa zetu.

Wengi wetu hapa Ihanda na Karagwe yote tunaikumbuka Septemba 2020. Usiku wa kuamkia tarehe 14, moto uliteketeza bweni la wavulana katika Shule ya Msingi ya Kiislamu Byamungu, kwa jirani zetu wilayani Kyerwa. Watoto 10 walifariki. Tumefundishwa na Mtume wetu (S.A.W.) kwamba mwenye kufa kwa kuungua ana daraja la shahidi, na tunamuomba Allah awape watoto wale daraja hiyo na awape subira wazazi wao. Hatuandiki haya ili tumnyooshee mtu kidole. Tunaandika kwa sababu daraja ya marehemu haimuondolei aliye hai wajibu wake.

Kila moto unapotokea, swali la kwanza mitaani ni moja: Zimamoto walikuwa wapi? Ni swali la haki. Lakini wachache kati yetu tunajua Zimamoto wanafanya kazi namna gani, na kwa kutojua huko tunawatwisha mzigo ambao nusu yake ni wetu.

Zamani shughuli za zimamoto zilikuwa chini ya halmashauri za miji. Kwa sheria ya mwaka 2007 likaundwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, lililo chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Kila mkoa una kamanda wake. Namba ya dharura ni 114, na kila mtoto wa madrasa anapaswa kuihifadhi kama anavyohifadhi sura fupi. Ukipiga, taja kwanza mahali ulipo na njia ya kufika, kisha kinachoungua, kisha kama kuna watu ndani. Usikate simu kabla hujaruhusiwa.

Katika kituo cha mji mdogo, sehemu kubwa ya kazi hufanyika wakati hakuna moto. Zamu inapoingia hukagua gari: maji, mafuta, matairi, mipira ya maji, ngazi na vifaa vya kupumulia. Askari hufanya mazoezi. Wengine hutoka kwenda kukagua majengo, shule, masoko na vituo vya mafuta, na kutoa elimu kwa wananchi. Jambo kubwa katika mipango yao ni maji. Gari la kawaida hubeba lita elfu chache, nazo mpira ukifunguliwa huisha kwa dakika chache. Kwa hiyo askari mzoefu hujiuliza mapema: maji haya yakiisha, mengine yako wapi? Asiyejua jibu kabla ya moto hatalipata wakati wa moto.

Sasa tupige hesabu yetu wenyewe. Gari likitoka Bukoba mjini kuja huku Karagwe hukata zaidi ya kilomita 100, kupitia Kyaka. Hata likitokea karibu zaidi, bado kuna njia ya vumbi katikati ya migomba, na giza. Moto nao haungoji. Chumba chenye magodoro ya sponji na vyandarua huweza kujaa moshi mzito kwa dakika chache, na aghlabu moshi ndio unaomuua mtu kabla ndimi za moto hazijamfikia. Dakika hizo za mwanzo hakuna askari atakayekuwapo. Tutakuwapo sisi.

Hilo tulilishuhudia kwa namna nyingine tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya abiria ilipoanguka katika Ziwa Victoria karibu kabisa na uwanja wa Bukoba. Ilikuwa na watu 43, na 24 waliokolewa. Wavuvi waliokuwa na mitumbwi karibu ndio waliotangulia kuwafikia. Mmoja wao, kijana Majaliwa Jackson, Rais aliagiza aingizwe katika Jeshi hilo hilo la Zimamoto na Uokoaji. Wa kwanza kufika ni aliye karibu. Bwenini, aliye karibu ni mwalimu wa zamu na mwanafunzi aliyelala kitanda cha pili.

Je, tuko tayari? Tuseme ukweli, maana aibu ya dunia ni nyepesi. Jioni moja baada ya swala ya Isha tuliwajaribu wanafunzi wetu wa bweni. Tulipiga kelele kwamba kuna moto, tukangoja watoke. Mlango ulikuwa mmoja, unafunguka kwa ndani, na umefungwa kwa kufuli. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa mwalimu wa zamu, naye alikuwa amekwenda dukani. Madirisha yote yalikuwa na nondo. Ufunguo ulipopatikana, wakubwa walitoka kwa kusukumana, na wadogo wawili hatukuwaona. Tuliwakuta wamejificha chini ya kitanda. Usiku ule baadhi yetu hatukupata usingizi.

Tulivyokuwa sisi ndivyo yalivyo mabweni mengi. Nchini Kenya, mwezi Machi 2001, wavulana 67 walifariki katika bweni la Shule ya Sekondari Kyanguli, Machakos. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na nondo. Septemba 2024, wengine 21 wakafariki katika bweni la Hillside Endarasha, Nyeri. Hapa kwetu, Agosti 2009, wasichana 12 walifariki Idodi, Iringa. Miaka inapita, mabweni ni yale yale.

Wako watakaotuambia kwamba nondo na kufuli ni kwa ajili ya wezi, na kwamba mzazi aliyetukabidhi binti yake anataka alale salama. Ni kweli, nasi hatusemi milango iachwe wazi. Tunasema mlango wa pili uwekwe, wenye komeo linalofunguka kutoka ndani bila ufunguo. Mwizi aliye nje hatalifikia, na mtoto aliye ndani atalifungua. Na mlinzi asiondoke na ufunguo.

Wengine watasema hatuna fedha. Mlango wa pili na dirisha lisilo na nondo vina gharama, na kwa hilo tunawaomba wazazi mchango. Lakini kumpangia mwalimu asitoke zamuni hakuna gharama. Ndoo za mchanga hazina gharama. Kuzuia petroli ya pikipiki isihifadhiwe kwenye chupa karibu na jiko la kuni hakuna gharama. Tangi letu la udhu limejaa maji kila siku. Kuweka ndoo kando yake, zisizoguswa kwa kazi nyingine, ni gharama gani?

Wapo pia wanaosema ajali ni qadar ya Allah. Sisi tunaiamini qadar, kheri yake na shari yake. Lakini Nabii Yusuf (A.S.) alipofahamishwa habari ya miaka 7 ya njaa hakukaa akaingoja, aliagiza nafaka iwekwe akiba katika miaka 7 ya neema. Na nyumba ilipoungua Madina usiku na watu wake wakiwamo, Mtume wetu (S.A.W.) aliwaeleza masahaba kuwa moto ni adui yao, akawaamuru wauzime wanapolala. Huo ni ukaguzi wa kila usiku, tuliopewa zaidi ya miaka 1400 iliyopita. Anayelala na kibatari kinawaka, au na simu inachaji juu ya godoro, ameiacha Sunna kabla hajaacha tahadhari.

Kwa hiyo tunapendekeza haya yaanze muhula ujao. Kwanza, uongozi uwaalike Zimamoto waje wakague majengo yetu na watufundishe, badala ya kuwangoja kwa hofu kama wageni wa kutoza faini. Pili, kila muhula tufanye zoezi la kutoka bwenini, mara moja mchana na mara moja usiku. Tatu, mahali pa kukusanyika pawe kiwanja cha upande wa kibla, na mwalimu wa zamu atoke na daftari la majina ahesabu. Nne, kila mwanafunzi mkubwa akabidhiwe mdogo mmoja, atoke naye mkononi.

Nanyi wanafunzi wetu, shikeni haya. Ukiamka ukakuta moshi, usijifiche. Amsha wenzako kwa yowe, inama au tambaa, maana hewa nzuri iko chini, elekea mlangoni, wala usirudi ndani kufuata viatu, begi au hata msahafu. Msahafu mwingine utapatikana.

Tulirudia jaribio lile wiki mbili baadaye, mlango ukiwa umegeuzwa kufunguka kwa nje na mlinzi akiwa na ufunguo mkononi. Wote walitoka, na hesabu ikatimia kiwanjani. Bado mlango wa pili haujajengwa. Hilo ndilo tunalowaomba, wazazi wetu, kabla ya kiangazi kuingia na majani kukauka.

Tunamuomba Allah (S.W.) atukinge na moto wa dunia na moto wa akhera, na atujaalie tuwe wenye kuchukua hatua kabla ya majuto. Aamin.

Wabillaahi tawfiq.