MOTO TUNAOUNUNUA NA KUUTUPA

Ndugu wanachama, wako watu wanaopita vijiweni wakisema kwamba habari ya kubana matumizi ya nishati ni habari ya Wazungu. Ati wao walichoma makaa ya mawe wakatajirika, wakaijaza dunia hewa ya ukaa, na sasa wanataka sisi tuzime taa. Hayo ya kwanza ni kweli tupu, wala hatuyakanushi. Lakini sisi hatubani matumizi ili kumfurahisha Mzungu. Tunabana kwa sababu moto huo tumeulipia.

Tazameni unakokwenda. Tanuri la udongo porini mara nyingi hula kilo 5 hadi 10 za kuni ili kutoa kilo 1 ya mkaa. Mkaa huo ukifika Dar es Salaam, maskini huununua kwa kopo, naye hulipa zaidi kuliko tajiri anayechukua gunia zima. Kisha hutiwa katika jiko la bati tupu, lisilo na udongo ndani, likapasha ukuta na miguu ya mpishi kuliko maharage. Misitu ya Pwani na Morogoro inakatwa kwa ajili ya joto lisilompikia mtu! Huo ni mrija, na siku hizi hauhitaji mkoloni wa kuushika.

Na umeme je? Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji limejengwa litoe megawati 2,115. Lakini balbu ya zamani ya wati 60 hugeuza kama sehemu 5 tu katika 100 kuwa mwanga, nyingine zote ni joto. Balbu ya LED ya wati 9 hutoa mwanga uleule.

Mwaka 2024 Serikali ilitangaza kwamba ifikapo 2034 wananchi 80 katika kila 100 wawe wanapika kwa nishati safi. Vema. Kwa fedha ya nani? Jiko la umeme la presha huivisha maharage kwa umeme kidogo, ila bei yake hutakiwa kwa mkupuo, na mama ntilie hupata fedha yake kwa siku. Kumhubiria huyo hewa ya ukaa bila kumkopesha jiko ni kumdhihaki. Wala bwana afisa anayewasha mashine ya baridi huku madirisha yako wazi asimnyoshee kidole.

Matawi yasingoje. Vyama vya ushirika na vikundi vya akina mama vinunue majiko kwa pamoja, wanachama walipe kidogo kidogo kwa fedha ileile ya kopo. Na katibu wa kila tawi aandike katika mkutano ujao: nyumba ngapi zinapikia mafiga, ngapi mkaa, ngapi umeme, na kila moja hutumia shilingi ngapi kwa wiki. Orodha hizo ziletwe wilayani, tuwawekee wakubwa mezani.