Bahasha ya sadaka ifunguliwe na watu wawili



Tunduma ni mji wa mpaka, na hata kikapu cha sadaka kinaonyesha hivyo. Ukikimwaga mezani baada ya Misa utakuta shilingi na kwacha zimelala pamoja. Dereva wa lori anayesubiri kuvuka kwenda Nakonde huingia kusali, hutoa alichonacho, kisha huenda zake. Hatarudi kuuliza sadaka yake ilifanya nini. Ametuamini tu.

Kikapu angalau huhesabiwa mbele ya watu. Leo nataka tutafakari sadaka zinazofika siku za kazi, ofisini, wakati waamini hawapo. Ni bahasha za zaka zinazoletwa na viongozi wa jumuiya, barua zinazotoka kwenye sanduku la posta, hundi ya mwanaparokia anayefanya kazi Dar es Salaam, au msaada wa rafiki wa ng'ambo kwa ajili ya zahanati au kituo cha watoto. Bahasha hiyo inapofika, nani anaifungua, na nani yupo naye?

Katika ofisi nyingi za Kanisa na za taasisi zetu jibu ni mtu mmoja. Ndiye anayeshika ufunguo wa sanduku la posta, anayefungua barua, anayeandika risiti na anayekwenda benki. Tunasema, "Huyu ni mwaminifu, tunamfahamu." Mimi nasema utaratibu huo si wa haki, na wa kwanza kudhulumiwa ni huyo huyo mwaminifu.

Chukulia binti aliye karani katika kituo cha kulea watoto. Mfadhili anapiga simu kuuliza kama laki tatu alizoweka kwenye bahasha mwezi uliopita zilifika. Karani hakumbuki, na daftari halina kitu. Huenda bahasha haikufika. Huenda ilifika, fedha zikanunua unga siku ileile bila kuandikwa. Huenda iliondoka na mwingine mwenye ufunguo. Hakuna anayejua, na kwa kuwa hakuna anayejua, macho yote yatamgeukia yeye. Ataondoka kazini na jina la mwizi, na katika miji yetu kama Vwawa na Mlowo, jina hilo litamfuata mpaka siku ya posa yake. Atajitetea kwa nini, ikiwa hapakuwa na shahidi?

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Naongeza kwamba hata heshima ya mtu hupotea hivyo hivyo.

Utaratibu wenyewe si mgumu. Watu wawili wasio ndugu wafungue barua pamoja. Mmoja ataje, mwingine aandike: tarehe, jina la mtoaji, kiasi, kama ni fedha taslimu au hundi na namba yake, na kusudi la sadaka ikiwa mtoaji amelitaja. Kwacha ziandikwe kama kwacha kabla ya kubadilishwa. Wote wawili watie sahihi. Hundi igongwe muhuri papo hapo kwamba ni ya akaunti ya taasisi tu, na risiti iandikwe siku hiyo. Kisha yote yaende benki siku hiyo au kesho yake, bila kumegwa kwa ajili ya mafuta ya pikipiki au vocha. Hundi ikisahaulika kwenye droo mpaka ipite miezi 6, benki huikataa, na mtoaji atadhani hatukuihitaji. Anayekwenda benki asiwe yule aliyeandika orodha, na mwisho wa mwezi mtu mwingine alinganishe orodha, risiti na taarifa ya benki.

Asije mtu akasema haya ni mambo ya wahasibu, hayahusu imani. Fungua Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 12. Mfalme Yoashi aliona miaka inapita na Hekalu halikarabatiwi, ingawa watu walikuwa wakitoa. Likawekwa sanduku lenye tundu kwenye kifuniko, karibu na madhabahu. Lilipojaa, alikuja mwandishi wa mfalme pamoja na kuhani mkuu, wakahesabu fedha na kuzifunga mifukoni. Kuhani mkuu hakuachwa ahesabu peke yake, na hatusomi popote kwamba alinuna.

Ezra, katika sura ya 8, alipowakabidhi makuhani 12 fedha na dhahabu za kupeleka Yerusalemu, aliwapimia kabla ya safari. Walipofika, vyote vilipimwa tena na uzito ukaandikwa. Naye Mtume Paulo, katika Waraka wa Pili kwa Wakorinto, sura ya 8, anaeleza kwa nini mchango wa maskini wa Yerusalemu haukubebwa na mtu mmoja. Alimtuma Tito na ndugu wengine, ili pasiwe na wa kuwalaumu. Alitaka jambo liwe jema mbele ya Bwana, na mbele ya watu pia.

Sheria ya Kanisa nayo haikunyamaza. Kanuni ya 537 inataka kila parokia iwe na baraza la fedha. Kanuni ya 1267 inasema sadaka iliyotolewa kwa kusudi fulani itumike kwa kusudi hilo tu. Kanuni ya 1287 inawataka wasimamizi wawape waamini hesabu ya mali waliyoitoa. Tutatimizaje hayo kama hatujui bahasha ilikuja na nini na ilikuja kwa ajili ya nini?

Msomaji makini atanikumbusha kwamba katika habari ile ile ya Yoashi, waliosimamia mafundi hawakudaiwa hesabu, kwa sababu walitenda kwa uaminifu. Ni kweli. Lakini fedha hizo zilikuwa zimekwisha kuhesabiwa na watu wawili kabla ya kuwafikia.

Mwingine atasema Bwana Yesu alifundisha tutoe kwa siri, mkono wa kushoto usijue unachofanya wa kuume. Naam, lakini siri hiyo ni ya mtoaji. Mpokeaji hakupewa siri, amepewa dhamana. Hata hivyo, wanaohesabu wafunge midomo yao. Aliyetoa elfu moja asisikie habari zake kisimani.

Wengine watasema ofisi yao ni ndogo, ina karani mmoja tu. Basi barua zifunguliwe mara mbili kwa wiki, na siku hizo aje mama mmoja wa WAWATA, au katekista, au mzee wa baraza. Ni kazi ya nusu saa. Paroko naye asifungue bahasha za sadaka peke yake, hata awe mtakatifu kiasi gani. Padre anayekubali kuhesabiwa pamoja na wengine huwafundisha waamini wake kuliko mahubiri mengi.

Siku hizi bahasha nyingi hazina karatasi, ni ujumbe wa simu tu. Hapo hatari imeongezeka. Kama namba ya kupokelea michango imesajiliwa kwa jina la mtu binafsi, shahidi wa muamala ni yeye peke yake, na siku akihamishwa au akifariki, laini inaondoka na sadaka za watu. Namba iwe ya taasisi, na taarifa ya miamala ipitiwe na wawili kama zinavyofunguliwa barua.

Tena tusitoe fedha tukaitupa barua. Mwaka 1889 Askofu Cousin wa Nagasaki, Japani, aliandika barua Ufaransa kuomba msaada kwa ajili ya waseminari wake. Ilisomwa na Jeanne Bigard na mama yake Stéphanie, na hapo likaanza Shirika la Mtume Petro, ambalo leo ni la Kipapa na husaidia seminari katika nchi za misioni. Sisi mapadre wa nchi hizi tumekula matunda ya barua hiyo. Mjane anayeandika kwamba sadaka yake ni ya kumwombea marehemu mumewe ameweka ndani ya bahasha kitu kikubwa kuliko noti. Isomwe, ihifadhiwe, ajibiwe.

Nanyi waamini msikabidhi sadaka njiani. Dai risiti bila kuona aibu, na karani asikununie. Sikilizeni taarifa ya mapato na matumizi inaposomwa, badala ya kutoka nje kupunga upepo.

Wiki hii mwenyekiti wa kila kamati ya fedha apite ofisini na kuuliza swali moja tu: barua zilizofika mara ya mwisho zilifunguliwa na nani, na nani mwingine alikuwepo? Akitajiwa jina moja, aanzie hapo.