Sumu Isiyoogopa Sufuria

Hakuna mama mjini asiyejua kuwa maji ya kunywa huchemshwa. Viini vya kipindupindu na homa ya matumbo hufa sufuriani, nayo jamii ikalala bila wasiwasi. Lakini je, ikiwa maji hayo yametoka mtoni ambako mkulima aliosha bomba lake la kunyunyizia dawa ya wadudu? Hapo moto haufui dafu. Dawa nyingi za shambani hustahimili joto la maji yanayochemka. Hata maji yakipungua kwa mvuke, sumu huweza kubaki ndani ya yale yaliyosalia.

Wanasayansi wamepata msaidizi mwingine: jua. Mnamo mwaka wa 1972, Wajapani wawili, Akira Fujishima na Kenichi Honda, walieleza jinsi titaniamu dioksaidi, ikimulikwa ndani ya maji, ilivyoyatenganisha kuwa hidrojeni na oksijeni. Usishtushwe na jina hilo. Ni ule unga unaoipa rangi ya ukuta weupe wake, na hutiwa hata katika dawa nyingi za meno.

Hufanyaje kazi? Miale ya jua ya urujuanimno, ile isiyoonekana kwa macho, hugonga chembe ya unga na kuibandua elektroni. Pengo linalobaki hunyang'anya maji elektroni yao, na papo hapo huzaliwa vipande vikali viitwavyo haidroksili. Vipande hivi huitafuna sumu hatua kwa hatua, hadi inapogeuka kaboni dioksaidi, maji na chumvichumvi. Unga wenyewe hauishi. Ndiyo maana huitwa kichocheo: ni kama mawe ya kusagia, ambayo husaga mahindi nayo yasigeuke unga.

Huko Almería, kusini mwa Uhispania, mboga hukuzwa chini ya bahari ya plastiki, na dawa hutumiwa kwa wingi. Watafiti wa kituo cha Plataforma Solar de Almería wamekuwa wakipitisha maji yenye dawa hizo katika mirija ya kioo iliyoanikwa juani, ili jua liisafishe sumu.

Basi sisi wa ikweta, wenye jua tele, tunangoja nini? Subira, msomaji. Miale inayohitajika ni sehemu ndogo tu ya mwangaza wa jua. Maji yenye matope huizuia. Unga nao sharti uchujwe. Na kazi ikikatizwa njiani, mabaki yanaweza kuwa na sumu kama dawa yenyewe, au hata kuishinda. Kwa hivyo, mwanafunzi, usije ukakoroga rangi ya ukuta katika mtungi wa mama! Hii ni kazi ya mitambo na wapimaji.

Hadi mitambo hiyo itufikie, kinga ni bora kuliko tiba. Ukienda mashambani likizoni, waambie wazee wasioshe bomba mtoni. Chupa ya dawa ikiisha, isuuzwe mara tatu, na maji ya kusuuzia yamiminwe ndani ya bomba yakanyunyizwe shambani. Kisha chupa itobolewe, asije mtu akaitilia maziwa. Mto unaoanzia kwao ndio unaojaza mtungi wako mjini.