Kati ya Stesheni na Bandari: Utajiri wa Katikati ya Jiji la Dar es Salaam Unaosubiri Kuvunwa

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

Tangu huduma ya treni ya umeme kati ya Dar es Salaam na Dodoma izinduliwe rasmi Agosti 1, 2024, katikati ya Jiji la Dar es Salaam pamepata mgeni wa aina mpya. Ni abiria anayeshuka Stesheni na begi lake, akiwa na saa mbili au tatu za kusubiri boti ya kwenda Zanzibar. Au yule anayeshuka botini akisubiri treni ya kumpeleka bara. Umbali kati ya vituo hivyo viwili unatembeleka kwa miguu bila kuchoka. Swali linalostahili kuulizwa na wapangaji wa mji, wafanyabiashara na wananchi kwa jumla ni hili: saa hizo mbili au tatu zinaliachia Jiji nini?

Mwaka 2023 Tanzania ilipokea zaidi ya watalii milioni 1.8 kutoka nje ya nchi. Wengi wao walikuja kwa ajili ya hifadhi za wanyamapori, Mlima Kilimanjaro na fukwe za Zanzibar, na kwao Dar es Salaam ni mahali pa kubadilishia usafiri. Watanzania wenyewe hawako mbali na mtazamo huo. Mtu hufika mjini kwa shughuli ya benki, mahakama au ofisi, akaimaliza na kurejea kwake. Hata hivyo, katika eneo dogo kati ya Stesheni, Kivukoni, Kisutu na Kariakoo kuna historia, biashara na mapishi ambayo mji mwingine ungeyatangaza kila siku.

Tuanze na njia ya abiria wetu. Kabla hajafika bandarini atalipita Boma la Kale, lililojengwa mwaka 1866 hadi 1867 wakati Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alipokuwa akiuanzisha mji huu. Ni nyumba ya mawe ya matumbawe yenye mlango wa nakshi, na ni miongoni mwa majengo makongwe zaidi yaliyosalia jijini. Tangu mwaka 2017, baada ya ukarabati mkubwa, lina kituo kinachoeleza historia ya usanifu na ukuaji wa Dar es Salaam. Mbele kidogo, mkabala na boti za Zanzibar, limesimama Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, na ukifuata ufukwe utaliona Kanisa la Azania Front. Yote mawili yalijengwa katika utawala wa Wajerumani, waliohamishia makao makuu ya koloni lao hapa kutoka Bagamoyo mwaka 1891.

Akiingia ndani kwa dakika chache, mgeni huyo atafika Barabara ya Samora, iliyowahi kuitwa Acacia na baadaye Independence, na hapo ataikuta Sanamu ya Askari iliyozinduliwa mwaka 1927 kuwakumbuka Waafrika waliotumika katika Vita ya Kwanza ya Dunia. Akiendelea mbele kuna Bustani ya Mimea, Ukumbi wa Karimjee ambamo Bunge lilikuwa likikutana, na Makumbusho ya Taifa yaliyofunguliwa mwaka 1940. Makumbusho hayo yanatunza fuvu la Zinjanthropus lililogunduliwa Olduvai mwaka 1959, nayo yako katika mtaa wenye jina la Shaaban Robert, mshairi aliyeipa lugha yetu heshima kubwa.

Historia pekee, hata hivyo, haimshibishi msafiri. Kinachomfanya mtu akae mjini ni mahali pa kula na pa kununua. Katika mitaa ya Kisutu, Jamhuri na Indira Gandhi, maduka ya vitambaa, viungo, dhahabu na vyombo bado yapo chini ya nyumba za ghorofa zenye vibaraza na tarehe za ujenzi zilizochongwa juu ya milango. Humo hupatikana kachori, bhajia, sambusa na chai ya maziwa asubuhi, na jioni moshi wa mishkaki hutawala kona za barabara. Wauza kahawa hupita na mabirika yao ya shaba na kashata. Katika Soko la Samaki la Feri mnunuzi huchagua samaki wake na kukaangiwa papo hapo, na mama lishe huwalisha makarani, mabaharia na wachukuzi katika meza moja. Mapato ya shughuli hizi huenda moja kwa moja kwa familia za wakazi wa Jiji, bila kupitia kwa wakala wa safari.

Kariakoo ina nafasi yake ya pekee. Jina lake limetokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza, Carrier Corps, waliopiga kambi hapo wakati wa vita ile ile inayokumbukwa na Sanamu ya Askari. Jengo la soko lililofunguliwa mwaka 1975 lilibuniwa na msanifu wa Kitanzania, Beda Amuli, na paa lake la miavuli iliyogeuzwa lilikusudiwa kukinga maji ya mvua pamoja na kuwapa kivuli wauzaji. Soko hilo liliungua Julai 10, 2021, na Serikali ikaamua kulikarabati na kujenga jengo jingine jipya kando yake. Uamuzi wa kukarabati badala ya kubomoa una maana kubwa kuliko matofali yake, kwa kuwa unaonesha kwamba jengo la kihistoria linaweza kubaki likifanya kazi ile ile liliyojengewa.

Si majengo yote yaliyopata bahati hiyo. Nyumba nyingi za zamani katika mitaa ya kati zimebomolewa kupisha minara ya vioo, na sababu yake ni ya kiuchumi: thamani ya kiwanja imeipita mbali thamani ya nyumba iliyo juu yake. Sheria nayo ina pengo linalopaswa kueleweka. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Yaliyojengwa baadaye yanahitaji tamko la Waziri mwenye dhamana. Dar es Salaam ni mji wa miaka ya 1860. Kwa kipimo hicho, hata Boma la Kale halifiki mstari huo. Ulinzi wa mji huu kwa hiyo unategemea matamko, na orodha ya matamko ni lazima iendane na kasi ya ujenzi.

Serikali ina nyenzo nyingine ambayo aghalabu husahaulika. Kutokana na Sheria ya Utwaaji wa Majengo ya mwaka 1971, nyumba nyingi za katikati ya Jiji zilikuwa mali ya umma chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 jukumu hilo likaunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Zaidi ya hayo, kuhamia Dodoma kwa wizara kumeyaachia baadhi ya majengo ya ofisi nafasi ya kupangiwa kazi mpya. Mwenye nyumba akiwa ni umma, masharti ya upangaji yanaweza kuzingatia zaidi ya kodi. Yanaweza kumlinda fundi saa, mshonaji au muuza kachori aliyekaa mtaani miongo mitatu, na kumtaka mwekezaji atunze sura ya mbele ya jengo hata anapoongeza ghorofa nyuma yake.

Zanzibar inatupa somo la pande mbili. Mji Mkongwe una mamlaka yake ya uhifadhi tangu mwaka 1985, na mwaka 2000 uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Leo maduka, baraza na vyakula vya Forodhani vinaendesha maisha ya maelfu ya watu. Lakini mwezi Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka na kusababisha vifo. Kutangaza urithi ni hatua ya kwanza. Matengenezo ya kila mwaka ndiyo yanayoamua kama urithi huo utabaki umesimama.

Kwa Dar es Salaam, mahitaji ya karibuni si ya gharama kubwa. La kwanza ni njia za waenda kwa miguu zisizokatizwa na magari yaliyoegeshwa, kuanzia Stesheni hadi Kivukoni na Makumbusho. La pili ni vibao vya maelezo kwa Kiswahili na lugha nyingine mbele ya majengo, pamoja na mahali salama pa kuhifadhi mizigo kwa saa chache. La tatu ni kuwapanga wafanyabiashara wadogo, waliohamishwa barabarani mwaka 2021, kwa namna inayowapa nafasi rasmi kwenye njia hizo, kwani mji wa kutembelewa ambao hauna muuza kahawa utabaki na majengo yasiyo na wenyeji. La nne ni shule za Jiji kuwapeleka wanafunzi katika mitaa hii kabla hawajaisoma kwenye vitabu.

Kwa mujibu wa Sensa ya mwaka 2022, Mkoa wa Dar es Salaam una wakazi 5,383,728. Hata kama wageni wa nje wasingeongezeka, wakazi hao peke yao ni soko la kutosha kuyahuisha maduka na migahawa ya mji wa kale siku za Jumamosi na Jumapili, wakati ofisi zimefungwa na mitaa ina nafasi. Reli imeshawaleta abiria hadi mlangoni, na kazi iliyobaki ni kuhakikisha kwamba wakishuka wanaona sababu ya kutembea kabla ya kuondoka.