Mbwa hakufa, lakini mnywaji anaweza kupofuka

Jumamosi ya mwisho wa mwezi uliopita, baada ya umuganda katika tarafa yetu ya Nyakiriba, wilayani Rubavu, mzee mmoja alisimama mkutanoni na kutoa hoja iliyowachekesha wengi. Alisema wauzaji wa kanyanga huionjesha mbwa kwanza. Mbwa akiamka salama asubuhi, mzigo unauzwa. "Mnatuambia inaua," alisema, "mbona mbwa hafi?"

Sisi hatukucheka. Swali la mzee lina mantiki na linastahili kujibiwa, si kuzomewa.

Kinachoua watu wengi kwa mkupuo katika pombe haramu ni methanoli, ambayo mara nyingi ni ile ya viwandani inayochanganywa na wafanyabiashara wenye tamaa. Wanasayansi walipoichunguza maabara waliona jambo la ajabu: panya waliihimili kuliko binadamu. Ini hugeuza methanoli kuwa asidi ya fomiki. Mwili wa panya huiondoa asidi hiyo upesi, na mbwa naye hapatwi na upofu kama sisi. Lakini kwa kima na binadamu asidi hujilundika, ikaharibu damu na mshipa wa fahamu wa jicho. Tena hufanya kazi polepole. Mtu hulala akidhani amelewa tu, na baada ya saa 12 au 24 anaanza kuona ukungu. Kwa hiyo, mzee wetu, mbwa yule si shahidi.

Mashahidi wa kweli wapo. Novemba 2000, jijini Nairobi, pombe yenye methanoli iliua zaidi ya watu 100 na kuwapofusha wengine. Mwaka 2010 waragi yenye sumu hiyo iliua makumi ya watu Uganda, wakiwamo wa Kabale, jirani na mpaka wetu. Na hapa Rwanda, wakati wa Krismasi ya 2021, watu wasiopungua 11 walifariki Bugesera na Kigali.

Hoja ya pili tunayoisikia kila siku ni kwamba pombe haimdhuru anayekula vizuri. Hata madaktari waliwahi kuamini hivyo; walidhani ini la mlevi husinyaa kwa sababu ya njaa. Katika miaka ya 1970, Charles Lieber na wenzake mjini New York waliwapa nyani chakula kamili pamoja na pombe nyingi, kwa miaka kadhaa. Maini ya nyani hao yalijaa mafuta, na baadhi yao wakafikia makovu yale yale tunayoyaona kwa walevi. Sahani ya viazi na maharage haikuwakinga. Hilo linahusu pia bia halali ya dukani, jambo ambalo wengi wetu tungependa lisisemwe. Utafiti wa Wizara ya Afya wa 2022 ulionyesha kuwa wanywaji wameongezeka kutoka asilimia 41.2 mwaka 2013 hadi 48.1.

Mwandishi wa tahariri hii alisomea ukimbizini, Karagwe nchini Tanzania, ambako gongo ilikatazwa na sheria na bado ilipatikana kila kitongoji. Shuleni tulipasua chura na kuchora figo zake kwa penseli. Hakuna aliyetueleza kilichokuwa kikiyapata maini ya baba zetu. Leo ni mwalimu, na anakiri kwamba kwa miaka mingi alifundisha hivyo hivyo.

Tusieleweke vibaya. Hatuombi sheria ilegezwe. Kanyanga imeorodheshwa miongoni mwa dawa za kulevya, na gereza la Rubavu liko hapa hapa Nyakiriba, kwa hiyo hakuna kijana asiyejua mwisho wa anayeivusha mpakani. Tatizo letu ni mnywaji aliyeanza kuona ukungu. Yeye pia anajua gereza liko wapi. Anajificha nyumbani, mkewe anamnywesha maziwa, na saa zinapita. Ilhali methanoli ina tiba ikiwahiwa: zipo dawa zinazolizuia ini lisiigeuze kuwa asidi, na hospitali inaweza kusafisha damu. Wiki mbili zilizopita mwanafunzi mmoja alikuja darasani amechelewa kwa kuwa sasa ndiye anayemshika baba yake mkono hadi shambani. Baba huyo alikaa siku mbili ndani kabla ya kwenda kutibiwa.

Kwa hiyo tunaziomba mamlaka za wilaya na Wizara ya Afya zitamke wazi, kwenye mikutano ya umuganda na redioni, kwamba anayefika kituo cha afya akisema amekunywa kanyanga atatibiwa kwanza, na kwamba muuguzi hatakuwa mpelelezi wake. Polisi wamtafute aliyeuza. Washauri wa afya wa vijiji nao wafundishwe dalili tatu: macho kuona ukungu, kuhema haraka, na maumivu makali ya tumbo. Mkutano ujao wa umuganda ni mwisho wa mwezi huu, na mzee wetu atakuwapo.