Ukinyimwa tenda, hesabu siku kabla ya kuhesabu hasara

Tuseme wewe na akina mama wenzako mna kikundi cha kuuza nafaka. Mmechanga, mmekopa, na mmechukua hata kile cheti cha mpango wa serikali unaowatengea akina mama, vijana na watu wenye ulemavu asilimia 30 ya ununuzi wa umma. Hospitali ya kaunti yatangaza tenda ya maharagwe. Mwajaza makaratasi. Siku ya kufungua zabuni mnakwenda wenyewe, na bei yenu yasomwa mbele ya watu ikiwa ya chini kuliko zote. Mnarudi nyumbani mkiimba.

Wiki chache baadaye barua ya mistari miwili inafika. Hamkufaulu. Tenda imekwenda kwa mtu aliyetaja bei ya juu.

Wengi wetu hapo husema, "Aa, hao wana watu wao," na kunyamaza. Wengine humkimbilia mwakilishi wa wadi, au mzee fulani anayejuana na fulani. Wanazungushwa huko wiki mbili, tatu. Lakini wiki mbili ndizo hasa ulizopewa!

Sheria ya ununuzi wa umma ya 2015, iliyoanza kutumika Januari 2016, yampa aliyeonewa siku 14 kulalamika, tangu ajulishwe matokeo au tangu kosa lenyewe litendeke. Siku 14 baada ya kutoa matokeo, hospitali haina ruhusa ya kutia sahihi mkataba na mshindi. Ukisha kutiwa sahihi kwa njia ya sheria, malalamishi yako hayasikizwi tena.

Pa kuanzia si kortini. Ni kwa Bodi ya kusikiliza malalamishi ya zabuni, ile magazeti huiita PPARB, yenye makao yake Nairobi. Wafanyabiashara wa zamani wanajua kwamba miaka ya tisini ununuzi wa serikali uliendeshwa kwa nyaraka za Hazina, na bodi ya namna hii ilianzishwa kwa kanuni za 2001. Leo ikipokea malalamishi yako, shughuli za tenda hiyo husimamishwa, nayo yapewa siku 21 kuamua. Yaweza kufuta kilichofanywa, kuagiza zabuni zipimwe upya, au hata kuweka uamuzi wake mahali pa ule wa hospitali.

Asiyeridhika, awe ni wewe, mshindi au hospitali, ana siku 14 kwenda Mahakama Kuu, ambayo nayo ina siku 45 kuamua. Kutoka hapo ni siku 7 kukata rufaa, na Mahakama ya Rufaa ina siku 45 zake. Wala usidhani siku hizo ni za kumbana mwananchi peke yake. Mwaka 2021, katika kesi ya kampuni ya Aprim Consultants na Tume ya Huduma za Bunge, Mahakama ya Rufaa ilisema hukumu ya Mahakama Kuu iliyotolewa baada ya siku 45 ni bure kabisa.

Sasa, jaji huangalia nini? Hapa ndipo watu wengi hukosea. Jaji hapimi maharagwe. Haulizi nani alistahili kushinda, huuliza ulikataliwa kwa njia gani. Kifungu cha 227 cha Katiba chataka ununuzi wa umma uwe wa haki, wa usawa, wa wazi, wa ushindani na usiopoteza fedha. Kwa hivyo bei ya chini pekee haikupi tenda. Uliza hivi: kile kilichotumiwa kukutoa kiliandikwa kwenye makaratasi ya tenda? Kama hayakutaka uwe na lori lako mwenyewe, hawawezi kukutoa kwa kukosa lori. Je, barua ilitaja sababu? Sheria yataka aliyeshindwa aelezwe, tena ajulishwe wakati mmoja na mshindi. Lakini kama cheti cha ushuru kilikuwa cha lazima nawe ulikisahau nyumbani, usimpelekee wakili pesa zako.

Mnakumbuka karatasi za kura za 2017? Julai 7, Mahakama Kuu ilifuta tenda ya kuchapisha karatasi za kura ya urais, ambayo kampuni ya Al Ghurair ya Dubai ilikuwa imepewa bila mashindano. Sababu haikuwa uchapishaji mbaya. Majaji walisema umma haukushirikishwa. Julai 20, Mahakama ya Rufaa ikageuza uamuzi huo, na Agosti 8 watu wakapiga kura. Ushindi wa korti moja waweza kudumu siku 13 tu.

Kwa maoni yangu mwendo huu wa kasi ni mzuri, maana wagonjwa wanangoja chakula, na wako walioshindwa kihalali ambao hulalamika ili tu kuchelewesha mwenzao. Lakini haumbebi kila mtu sawasawa. Kampuni kubwa ina wakili anayengoja simu. Kikundi cha Lodwar chapaswa kutafuta nauli, ada ya Bodi na wakili, vyote ndani ya siku 14. Asilimia 30 ya akina mama haina maana sana ikiwa mlango wa malalamishi ni wa wenye pesa.

Basi barua ikifika, andika juu yake tarehe uliyoipokea na uiweke pamoja na tangazo la tenda, makaratasi yote na bei ulizozisikia zikisomwa. Kama haina sababu, ziombe kwa maandishi siku hiyo hiyo, ubaki na nakala. Kisha usikae kungoja jibu. Nenda kwa wakili kesho yake, maana siku zako zinakwenda hata kama wao hawajakujibu.